Kati ya Imani na Maradhi ya Akili

Mnamo mwezi wa Juni 2023, watu 65 walifikishwa mbele ya mahakama ya Shanzu, upande wa bara ya kaskazini ya Mombasa, wakikabiliwa na shtaka la kujaribu kujiua. Hawakuwa wamejitosa baharini wala kujitia kitanzi. Kosa lao lilikuwa kukataa kula. Walikuwa miongoni mwa waumini waliookolewa kutoka msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako mamia ya wenzao walikuwa wamekufa, wengi wao kwa kufunga wakitaraji kukutana na Yesu. Waliwekwa katika kituo cha kuwahifadhi, na huko nako, chakula kikiwa mbele yao, wakaendelea kufunga. Mahakama ikaamuru wapelekwe Shimo la Tewa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nayo ikalalamika kwamba kuwashtaki manusura ni kuwatia jeraha juu ya jeraha.

Katika siku hizo kila mtu alikuwa na jina lake la kuwaita watu hawa. Kuna waliosema ni wahalifu. Kuna waliosema ni wendawazimu. Wengine walisema ni wahanga wa mhubiri, na wachache, kwa sauti ya chini, wakasema ni watu wa dini waliofuata imani yao hadi ukingoni. Msomaji atazame vyema majina haya manne. Kila jina lina mlango wake: mhalifu huenda jela, mwendawazimu hospitalini, mhanga kwa washauri, na muumini huachwa na Mungu wake. Kumbe kumpa mtu jina ni kumchagulia mlango, na mlango ukikosewa mtu huangamia.

Swali ninalotaka kulichambua leo ni hili: daktari wa akili anajuaje kwamba jambo analoliamini mtu ni maradhi, wala si dini yake au mila ya kwao? Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha isimu katika chuo kikuu. Hata hivyo nathubutu kuliingilia jambo hili kwa sababu nusu ya utata wake umo katika maneno, na maneno ndiyo mahali pangu.

Tuanze basi na maneno yenyewe. Neno wazimu haliko mbali na mzimu, yaani roho ya aliyetangulia. Majinuni tulilipokea kutoka Kiarabu, nalo limechipuka katika shina lile lile lililotupa jini. Pepo ni ndugu wa upepo, kitu kisichoonekana ila kwa kile kinachotikiswa nacho. Hivyo lugha yetu, kabla ya daktari yeyote wa kisasa kutia nanga katika pwani hii, ilikuwa imekwisha kutoa nadharia yake, kwamba akili ikiharibika ni kwa kuwa kuna mgeni aliyeingia nyumbani. Mama wa Likoni anaposema kwamba mwanawe ana pepo, anatumia msamiati aliorithi kueleza jambo linalomtisha. Waingereza nao walikuwa na neno la kumwita mwendawazimu lililotokana na jina la Kilatini la mwezi, nasi hatusemi kwamba kila aliyelitamka aliuabudu mwezi.

Utata unazidi tunapofika kwenye dalili ambayo madaktari huihesabu kuwa miongoni mwa nguzo za maradhi mazito ya akili. Mgonjwa hushikilia jambo, akalifanya ndilo msingi wa maisha yake, na hoja yoyote isimwondoe hapo. Kiswahili hakina neno moja lililokubaliwa na wote kwa dalili hii. Mara nyingi huitwa imani potofu, nami naiona tafsiri hiyo kuwa yenye madhara. Imani potofu ni neno la mimbari. Sheikh humtupia mzushi, padri humtupia mwasi wa kanisa, na mwalimu wa afya humtupia anayekataa chanjo. Neno hilo linauliza swali moja tu: je, analoamini mtu huyu ni sahihi au ni kosa? Nalo si swali la daktari. Katika makala haya nitasema dhana sugu, kwa kuwa sugu ni sifa ambayo tumezoea kuipa maradhi, na kwa kuwa inatutazamisha jinsi dhana inavyoshikiliwa kuliko yaliyomo ndani yake.

Sasa tuwasikilize madaktari wenyewe. Mwaka 1913 Karl Jaspers, tabibu Mjerumani ambaye baadaye aligeukia falsafa, alitoa kitabu kikubwa juu ya maradhi ya akili. Humo alitaja alama tatu za nje za dhana sugu: mwenye dhana hiyo ana yakini isiyo kifani, hageuzwi na tajriba wala hoja, na lile analolishikilia haliwezekani. Alama hizo zimefundishwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini hebu zitiwe katika mizani ya dini. Muumini wa kweli ana yakini. Hageuzwi na hoja za mpita njia. Na kwa asiyeamini, maiti kufufuka, au mja kusafirishwa usiku mmoja kutoka Makka hadi Baitul Mukaddas na kupandishwa mbinguni, ni mambo yasiyowezekana. Tukizichukua alama hizo tatu peke yake, itatubidi tuihamishie misikiti na makanisa yote ya Mombasa katika Hospitali ya Port Reitz.

Jaspers mwenyewe hakuwa mjinga wa jambo hili. Alisema wazi kwamba alama hizo ni za juu juu, na kwamba kiini kimo katika namna dhana ilivyomjia mtu. Ipo mifano inayoonyesha hivyo. Mume anaweza kushikilia kwamba mkewe si mwaminifu kwa kuwa taa ya jirani iliwaka mara mbili. Hata ikigunduliwa kwamba kweli mke huyo alikuwa na hawara, dhana ya mume bado ni ya ugonjwa, kwa sababu hakuifikia kwa njia ambayo akili timamu huyafikia mambo. Aliotea tu ukweli. Ukweli na uongo wa jambo, basi, si kipimo cha kutosha.

Kwa ajili hiyo vitabu vya utambuzi vimekuwa vikirekebishwa. Mwongozo wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, katika toleo lake la nne la mwaka 1994, uliweka sharti kwamba imani isihesabiwe kuwa ugonjwa ikiwa ni ya kawaida kwa watu wa utamaduni au kundi la mtu huyo, kama vile nguzo ya dini yake. Toleo la tano la mwaka 2013 lilitanguliza ugumu wa kugeuka mbele ya ushahidi, badala ya kutanguliza uongo wa jambo, na likaongeza mahojiano ya maswali 16 ambayo daktari humuuliza mgonjwa yeye na watu wake wanaliitaje tatizo lake, wanadhani limetokana na nini, na wamekwisha kutafuta msaada wapi. Nayo orodha ya kumi na moja ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inautaja upagawaji kuwa unaweza kuwa ugonjwa, lakini inatoa tahadhari kwamba hali hiyo isihesabiwe ugonjwa ikiwa ni sehemu ya ibada au mila inayokubaliwa na jamii ya mhusika.

Nikiyakusanya hayo yote, naona kwamba tabibu mwangalifu huuliza maswali manne. Nani mwingine anaamini hivi? Imani hii ilimjiaje mtu huyu? Mambo yake mengine, yaani usingizi, kazi, usafi, mazungumzo na mapenzi yake kwa watu wake, yamekuwaje tangu hapo? Na je, kuna hatari kwake au kwa wengine? Hakuna katika haya manne linalouliza kama Mungu yuko, au kama majini yako. Maswali hayo mtu huyaacha mlangoni pa zahanati pamoja na viatu vyake.

Tuchukue mifano miwili, ambayo naibuni lakini haitakuwa migeni kwa mkazi yeyote wa Kisauni au Changamwe. Wa kwanza ni mama wa makamo mwenye ruhani. Ruhani huyo ana jina, ana kabila, ana rangi ya nguo anayoipenda na uvumba anaoutaka. Ngoma ikipigwa, mama hupandisha. Husema kwa sauti isiyo yake, na maneno mengine hayaeleweki. Fundi humkaribisha mgeni, humuuliza haja yake, na hatimaye humuaga. Alfajiri ya pili mama huyo yuko jikoni kwake akikaanga viazi karai vya kuuza, na chenji harudishi vibaya hata shilingi. Wataalamu wa elimu ya jamii wameyaandika sana mambo haya. Roger Gomm, katika makala aliyoyatoa mwaka 1975 kuhusu pwani ya kusini ya Kenya, alionyesha kwamba pepo anaweza kuwa kinywa cha mwanamke asiye na kinywa kingine, akamdai mume kanga na heshima ambazo mke mwenyewe asingethubutu kuzidai. Mtu anaweza kusema kwamba ngoma hizo ni ushirikina, na kutoka mimbarini wengi husema hivyo. Hiyo ni hukumu ya dini. Daktari hana mgonjwa hapo.

Wa pili ni kijana wa miaka ishirini, mwanafunzi. Kwa miezi mitatu amekuwa akisema kwamba jini limepandwa ndani ya jino lake, nalo hupokea amri kutoka redioni. Halali. Haogi. Alikuwa haikosi jamaa msikitini, sasa haendi kwa sababu imamu, kwa madai yake, ni mmoja wa waliomfanyia njama. Sentensi zake hazishikani, ya kwanza ikielekea Likoni na ya pili ikielekea mwezini. Neno jini analolitumia ni la kwao, lakini wenye neno hilo wenyewe wanashtuka. Bibi yake, ambaye amezaliwa na kuzeekea katika habari za majini, husema, “Haya siyo ya majini tuyajuayo.” Bibi huyo, bila kusoma kitabu hata kimoja cha udaktari, amelijibu swali la kwanza. Katika kila utamaduni wenye imani hizo kuna kanuni zake, kama zilivyo kanuni za sarufi, na wenyeji huisikia sentensi iliyovunjika kabla ya mgeni kujua kuna sentensi.

Hapa pana jambo zito kuhusu upweke. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Milton Rokeach aliwakutanisha, katika hospitali moja ya jimbo la Michigan huko Marekani, wagonjwa watatu ambao kila mmoja alidai kuwa yeye ndiye Kristo. Kitabu alichoandika juu yao kilitoka mwaka 1964. Alitumaini kwamba kila mmoja, akiwaona wenzake, angeona kwamba madai yake hayawezi kusimama. Haikuwa hivyo. Kila mmoja aliona kwamba wale wawili ndio wenye kasoro. Waumini wa jambo moja wakikutana, hujenga kanisa au zawiya, na huitana ndugu. Wenye dhana sugu ya aina moja wakikutana, kila mmoja hubaki mfalme wa kisiwa chake.

Na isidhaniwe kwamba mpaka huu umeletwa na Wazungu. Wanavyuoni wa Kiislamu wameuchora tangu zamani. Sheria ya Kiislamu haimhesabii makosa mtu aliyepoteza akili mpaka akili imrudie, na kwa hiyo imebidi makadhi wajiulize ni nani hasa aliyeipoteza. Aidha liko neno waswasi, ambalo kila mwanafunzi wa madrasa analijua. Kutia udhu kuna idadi yake, na anayezidisha mara thelathini kwa hofu kwamba maji hayakufika, mwalimu wake hamsifu kwa ucha Mungu. Humwambia kwamba ameshikwa na waswasi. Waswasi si dhana sugu, kwa kuwa mara nyingi mwenyewe hujua kwamba anazidisha na hujitamani apumzike. Lakini funzo ni lile lile, kwamba dini yenyewe hutofautisha ibada na maradhi yaliyovaa kanzu ya ibada. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya mwili na nafsi kwa pamoja, na mawazo yanayomrudia mtu bila hiari ni miongoni mwa mambo aliyoyapa nafasi yake.

Mpaka huu ukikosewa, hukosewa kwa pande mbili. Upande wa kwanza ni kuiita imani wazimu, na historia ya nchi yetu ina mfano ulio wazi. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimpeleka huko Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa miongoni mwa Wabukusu, mtu aliyewahimiza wenzake wakatae kazi za kulazimishwa na kuwataka Wazungu waondoke. Aliwekwa huko hadi mwaka 1947. Alipotoka alikuta wafuasi wake hawakupungua, na mwaka 1948 dini yake ikapigwa marufuku. Je, alikuwa mgonjwa? Serikali iliyomhukumu ndiyo iliyokuwa mshitaki wake, na jambo lililoitwa wazimu lilikuwa ndilo lile lile watu wengi wa kwao waliliona kuwa ukweli. Swali la kwanza katika yale manne halikuulizwa, au liliulizwa na jibu likatupwa.

Mganga mkuu wa Mathari katika miaka hiyo alikuwa J. C. Carothers, aliyeshika kazi hiyo mwaka 1938. Baadaye, mwaka 1953, Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu ambamo aliifananisha akili ya Mwafrika wa kawaida na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliandika juu ya Mau Mau kwa matumizi ya serikali, akayaona mapambano ya ardhi kuwa tatizo la nafsi. Tukumbuke hayo kila tunaposikia kwamba elimu ya daktari haina upande. Tukumbuke pia kwamba Maquraishi walimwita Mtume Muhammad majinuni, na kwamba liwali Festo alimwambia Paulo kuwa elimu nyingi imemtia wazimu. Wenye nguvu hawakuanza jana kumwita mgonjwa mtu wasiyetaka kumsikiliza.

Upande wa pili ni kuyaita maradhi pepo, na huu, kwa maoni yangu, ndio unaotuumiza zaidi siku hizi. Maradhi mazito ya akili mara nyingi huanza kati ya miaka ya mwisho ya utoto na miaka ya ishirini, yaani umri wa kidato cha nne na wa chuo. Kijana yule niliyemtaja hapo juu huzungushwa. Leo anazinguliwa, kesho ananyweshwa kombe, kesho kutwa anapelekwa kwenye maombi ya mkesha, na wiki ijayo kwa mganga wa ng'ambo. Silaumu dua, nani mzazi ambaye hangeomba? Ninacholaumu ni wakati unaopotea. Dawa za maradhi haya zimekuwako tangu miaka ya hamsini ya karne iliyopita, na kadiri mgonjwa anavyokawia kuzipata ndivyo anavyokuwa mgumu kurudi alipokuwa. Hospitali ya Port Reitz, katika eneo la Changamwe, ina kitengo cha maradhi ya akili. Hakuna aya wala mstari wa Biblia unaomkataza mgonjwa kwenda huko na dua yake mfukoni.

Wala daktari na watu wa tiba za asili si lazima wawe maadui. Nchini Nigeria, mnamo miaka ya hamsini, Profesa Thomas Adeoye Lambo aliwahifadhi wagonjwa wake wa Aro, Abeokuta, katika vijiji vya jirani pamoja na jamaa zao, akashirikiana na waganga wa huko. Hapa Kenya, huko Makueni, watafiti wakiongozwa na Profesa David Ndetei wamewakalisha pamoja wahudumu wa afya, waganga na viongozi wa dini ili wajue namna ya kupelekeana wagonjwa.

Sasa naomba nirudi kwenye uwanja wangu, maana mazungumzo ndiyo darubini ya daktari wa akili. Damu haimwambii kama dhana ni sugu, wala picha ya ubongo haimwambii. Anachonacho ni maneno ya mgonjwa. Mtu wa Mombasa akisema, “Nyota yangu imechukuliwa,” jirani yake huelewa papo hapo: amefilisika, amekataliwa posa, amekosa kazi, na anamshuku mtu. Mpe maneno hayo mkalimani mvivu ayafasiri neno kwa neno kwa daktari aliyetoka mbali, na daktari ataandika kwamba mgonjwa anaamini kwamba mtu amemwibia sayari angani. Ndivyo ilivyo kwa “nimefungwa”, “wananila”, na “amepanda kichwani”. Hizi ni nahau, nazo hazisomwi kwa kamusi peke yake. Kinyume chake pia kipo: mgonjwa kweli anaweza kulitumia neno la kawaida kwa maana ambayo hakuna mwenyeji aliyewahi kuitumia, na mgeni asigutuke.

Wazungu wenyewe wamejikwaa katika hili. Mwaka 2011 Anders Breivik aliwaua watu 77 nchini Norway. Kundi la kwanza la madaktari lilisema ana maradhi mazito ya akili, na miongoni mwa ushahidi wao yalikuwamo maneno mageni aliyoyatumia, waliyodhani ameyabuni yeye. Wakosoaji wakaonyesha kwamba mengi ya maneno na mawazo hayo yalikuwa ya kawaida katika makundi ya watu wenye chuki kama yake. Kundi la pili la madaktari likasema ana akili timamu, na mwaka 2012 mahakama ikakubali hivyo na kumfunga.

Kisa hicho kinatufikisha mahali pagumu zaidi, yaani Shakahola. Mnamo Januari 2024 mahakama iliagiza Paul Mackenzie na washukiwa wenzake wapimwe akili kabla ya kujibu mashtaka ya mauaji. Mwezi uliofuata, mjini Malindi, yeye na wengine 29 walikana mashtaka ya kuwaua watoto 191, na mshukiwa mmoja alikuwa amepatikana hana uwezo wa kiakili wa kushtakiwa. Tuelewe kipimo hicho kinauliza nini. Kinauliza kama mtu anaweza kuifuata kesi yake na kujitetea. Hakimwambii mtu kwamba aliyoyafundisha ni mema.

Na wale waliokuwa wakifunga? Kwa kipimo cha vitabu, imani inayoshirikiwa na mamia ya watu, iliyofundishwa kwa mahubiri, yenye nyimbo zake na wazee wake, si dhana sugu ya mtu mmoja. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1877 matabibu wa Ufaransa Lasègue na Falret walieleza jinsi mgonjwa anavyoweza kumwambukiza dhana yake mtu anayeishi naye kwa ukaribu. Lakini jamii nzima iliyoingia msituni kwa hiari na kwa shuruti haiingii ndani ya maelezo hayo. Wengi wao walikuwa na akili zao. Hilo ndilo jambo la kutisha, na ndilo tunalolikwepa tunapopaza sauti kwamba ni wazimu tu. Tukiuita wazimu, tunajipumzisha. Tunasema haya hayawezi kutufika sisi wenye akili. Kumbe mtu mwenye akili timamu, akitengwa na jamaa zake, akizuiwa kusoma na kutibiwa, akisikia sauti moja tu usiku na mchana, anaweza kuamini jambo litakalomuua yeye na mtoto wake.

Ndiyo maana nasema kwamba jibu la daktari, “huyu si mgonjwa,” halina maana ya “huyu ni sawa”. Sheria zetu zinaelewa tofauti hiyo. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu humwondolea jukumu yule ambaye ugonjwa wa akili ulimzuia kuelewa alilolitenda, au kujua kwamba hakupaswa kulitenda. Hakimwondolei jukumu aliyeamini kwa nguvu. Vilevile sheria imeanza kumwangalia kwa jicho jingine aliyeelemewa hadi akataka kufa: mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226, kilichoifanya kujaribu kujiua kuwa jinai, kinapingana na Katiba.

Walimu wenzangu wana nafasi kubwa katika suala hili, maana mara nyingi wao ndio wa kwanza kuona. Mwanafunzi akiokoka, akifuga ndevu, akianza kufunga Jumatatu na Alhamisi, au akisema bibi yake ana pepo, hilo si jambo la kumtilia shaka ya ugonjwa. Hata wasichana wengi wakianguka na kupiga mayowe kwa pamoja, tusikimbilie kudhani kwamba darasa zima limeharibika akili. Huko Kashasha, karibu na Bukoba, kicheko kilichoanza mwezi wa Januari 1962 kiliwashika wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa mwezi wa Machi. Hakikupatikana kijidudu wala sumu. Mambo ya namna hiyo hutokana zaidi na hofu iliyofungiwa kuliko maradhi ya akili ya mmoja mmoja.

Lakini mwanafunzi akijitenga hata na wale wanaoamini kama yeye, usiku wake ukageuka mchana, alama zake zikaporomoka kwa muhula mmoja, na maneno yake yakaanza kukosa viungo, hapo mwalimu asingoje. Asibishane naye juu ya jini au malaika, kwa sababu hoja haiondoi dhana sugu, na dhihaka huifukuza imani aliyonayo kwa mwalimu wake. Amuulize kwa lugha ya nyumbani, iwe Kidigo, Kigiriama au Kiswahili, kwamba haya yalianza lini na nani mwingine anayajua. Awaulize wazee wa kwao kama ndivyo mambo hayo yanavyokuwa kwa kawaida. Kisha amsaidie mzazi kufika kwa daktari, na huko ayafikishe maneno ya kijana kama alivyoyasema, bila kuyatia chumvi wala kuyapunguza.

Wanafunzi nao nawaomba jambo moja. Neno kichaa limekuwa jepesi mno vinywani mwetu. Tunamtupia mwenye madhehebu tusiyoyapenda, mpinzani wa siasa, na hata mshairi. Tukilizoea hivyo, siku ambapo rafiki yetu ataumwa kweli hatutakuwa na neno la kumwitia msaada. Tumwachie sheikh na padri kazi ya kuamua lipi ni uzushi, tumwachie hakimu kazi ya kuamua lipi ni jinai, na tumfikishie daktari yule ambaye hata watu wa imani yake mwenyewe hawaielewi tena lugha yake.